Wapenzi wasio kufu: jinsi ya kuandika stori ya mahaba ya zamani, hatua kwa hatua

Naandika hii mara moja niwe naituma tu, maana swali ni lile lile kila wiki. Mtu anaanza stori ya mapenzi ya enzi za misafara, ana wapenzi wawili wasiofanana hata kidogo, sura mbili za mwanzo moto kweli kweli wanarushiana maneno, alafu sura ya tatu anakwama na kunitumia meseji usiku wa manane, "dada, wakishamaliza kugombana sasa wafanye nini?" Jibu langu huwa ni kwamba hawakuwa na cha kugombania tangu mwanzo. Tutafika huko.

Mi nakaa Bagamoyo, nyuma kidogo ya mji mkongwe, na stori zangu karibu zote nazitoa humu humu mitaani, kwaiyo mifano itakuwa ya hapa. Kama we ni wa Tanga au Pangani badilisha mitaa, kazi ni ile ile. Nimeshaandika nne za namna hii, mbili mbovu, na makosa mengi utakayoyaona humu ni yangu mwenyewe.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Mwaka. Usiniambie "zamani" wala "enzi za mkoloni", nataka mwaka wenye tarakimu nne.
- Mji mmoja unaoweza kuutembea kwa miguu yako, au angalau ulioutembea utotoni.
- Daftari la karatasi. Simu inataka bando, na bando likiwepo unaishia kwenye umbea.
- Kamusi inayoonyesha neno limetoka lugha gani. Utaona kwa nini.
- Mtu mzima mmoja wa kumsomea kwa sauti, awe mkali. Asiwe mama yako, atakusifia tu.
- Majina mawili ya wahusika ambayo hujayatoa kwenye tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa.

Digrii ya historia haihitajiki. Wivu kidogo na sikio la kusikiliza wazee barazani vinatosha.

Hatua ya 1: Chagua mwaka, alafu uuchunguze kama unanunua kiwanja

Hapa Bagamoyo miaka minne tu ikipita mji unageuka mwingine kabisa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu wamefika 1868, wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar akatia saini mkataba na Waingereza wa kuzuia biashara ya watumwa baharini na masoko yake yafungwe, lakini utumwa wa majumbani ukaendelea, na huku bara ulikuja kufutwa kisheria 1922. Februari 1874 Susi na Chuma, watumishi wa mmisionari Livingstone, na wenzao wanaingia na mwili wake baada ya safari ya miezi. 1888 kampuni ya Wajerumani inachukua forodha za pwani, vita vinalipuka, Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, ananyongwa Pangani Desemba 1889, na Bagamoyo inakuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891 wanapohamia Dar es Salaam.

Sasa ona. Binti wa 1874 anayempenda mtu wa misheni na binti wa 1889 anayempenda mtu wa misheni wana stori mbili tofauti kabisa, ya kwanza ni aibu ya familia, ya pili watu wanaweza kumwita msaliti.

Kwa mfano wa mwongozo huu nachukua 1884. Msafara wa pembe za ndovu bado una nguvu, bendera ya Sultani bado inapepea, Wajerumani hawajaja na mizinga. Msomaji anajua 1888 inakuja na wahusika hawajui, hilo tu linakupa woga wa bure ambao hukuutolea jasho.

(Watu wa Tanga msinune. Kwenu kuna 1893, reli inaanza kujengwa kutoka Tanga kwenda bara na mwaka huo huo Mjerumani Hindorf analeta miche ya mkonge, ilianza elfu moja ikafika hai 62. Na kuna Novemba 1914, vita vya Tanga, nyuki wakauma jeshi lililotoka India. Kama huwezi kupata stori ya mapenzi hapo basi shida sio Tanga.)

Hatua ya 2: Tafuta tofauti yenye bei

Hii ndio hatua yenyewe, ukiruka hii zingine zote unapamba ukuta usio na msingi.

Wanaoanza wanadhani kutofautiana ni tabia. Mmoja mkimya mwingine mropokaji, mmoja nadhifu mwingine mchafu, mmoja ana hasira mwingine mpole. Hiyo ni sawa kwa vichekesho. Mtihani wangu naouita mtihani wa daladala ni huu: wachukue wapenzi wako uwapandishe daladala ya leo ya kwenda Makumbusho. Kama ugomvi wao unaendelea vile vile na hakuna kilichopungua, hujaandika stori ya zamani, umewavalisha tu kanzu.

Na sisi watu wa pwani tuna neno tayari, hatuhitaji kuazima kwa mtu. Kufu. Bibi akisema "yule si kufu yako" hasemi mna tabia tofauti, anasema nasaba, hadhi, dini, kazi ya baba yake, nani alikuwa mgeni na nani alikuwa mwenye mji, na nyuma ya neno hilo kuna sheria, walii (msimamizi wa binti kwenye ndoa) ana haki ya kukataa posa kwa hoja hiyo hiyo. Kwaiyo usiandike wapenzi wasiofanana, andika wapenzi wasio kufu, alafu jiulize: wakipendana, kila mmoja analipa nini, na anamlipa nani?

Mfano wa kweli ambao kila mtu wa Unguja anaujua ni Sayyida Salme, binti wa Sultani Said. Jirani yake alikuwa mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, nyumba zao zimekaribiana. Akashika mimba, 1866 akatoroka kwa meli ya kivita ya Waingereza, 1867 akabatizwa na kuolewa Aden, akawa Emily. 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu huko Hamburg akamwachia watoto watatu wadogo kwenye nchi ya baridi, na urithi wake wa Zanzibar aliudai miaka na miaka bila kuupata. Hakuna anayeisoma stori ile akauliza "je walikuwa wanagombana vizuri?" Tunaisoma kwa sababu bili ilikuja na ilikuwa kubwa.

Wapenzi wangu wa mfano: Mwana Hija, binti wa jumbe (mkuu wa mji) wa Kishomvi, watu wenyeji wa pwani hii, mwungwana wa mji. Baba yake macho yameingia ukungu na hataki watu wajue, kwaiyo binti anamsomea daftari la madeni na mapatano kwa siri, yeye ndani nyuma ya mlango, baba barazani anajifanya anakumbuka. Na Maganga, mpagazi wa Kinyamwezi, ameshuka na msafara kutoka bara na pembe begani. Yeye ni huru, anafanya kazi ya ujira, nyumbani kwao kushuka pwani na kurudi ni kitu cha kujivunia, ila mjini hapa wanamwita mshenzi kama wanavyomwita kila mtu aliyetoka bara.

Ona bei: Mwana Hija akimtaka Maganga, anaweka rehani jina la baba na siri ya macho yake. Maganga akimtaka Mwana Hija inabidi asilimu, abadili jina, na mavuno yajayo asirudi kwao ambako anangojewa.

Angalizo kubwa. Bwana na mtumwa wake sio wapenzi wasio kufu. Kila mwezi napokea stori ya suria anayempenda tajiri aliyemnunua, na mwandishi ananiambia ni "opposites", eti wapenzi wasiofanana. Suria hana pa kusema hapana. Mtu asiyeweza kukataa hawezi pia kukubali, na stori ya mahaba inasimama juu ya kukubali. Ukitaka kuandika habari za suria andika, ni habari nzito na ya kweli, ila usiiite ya mahaba.

Hatua ya 3: Kila mmoja awe na haki

Andika ukurasa mmoja kwa sauti ya kila mpenzi akijitetea. Kama mmoja ana hoja na mwingine ana kiburi tu, rudi nyuma.

Mwana Hija haamini kitu kisichoandikwa. Ameona familia mbili zikipoteza mashamba kwa sababu "tulikubaliana kwa mdomo". Maganga haamini kilichoandikwa, hajui kusoma na karatasi imeshamlalia mara mbili. Wote wawili wana haki. Hapo ndipo utamu ulipo, msomaji anahama upande kila ukurasa.

Na usimsafishe mtu. Nyumba ya kiungwana ya 1884 ina watumwa jikoni, shambani, kisimani, ukiwaficha unamdanganya msomaji. Maji anayoogea Mwana Hija kuna mtu ameyachota. Maganga njiani ameona watu kwenye minyororo, na atamuuliza swali hilo siku moja, na Mwana Hija hatakuwa na jibu zuri. Mwache asiwe na jibu zuri.

Hatua ya 4: Watafutie mahali pa kukutana

Hapa ndipo stori nyingi zinakuwa uongo mtupu. Binti wa jumbe hatembei ufukweni peke yake jioni nywele zikipepea. Wewe unatembea, yeye hatembei. Tengeneza orodha ya sehemu ambazo mwaka wako na mji wako unaruhusu: mlango wa nyumba wakati wa hesabu, harusi, msiba, ngoma, kisimani kupitia mtu wa tatu, dukani kwa Mhindi akiwa na shangazi.

Mlango ndio ninaoupenda. Nenda mji mkongwe ukaangalie milango ya nakshi, ona ilivyo minene, kaa barazani nje alafu mwambie mwenzako aongee kutoka ndani. Sauti inafika, uso haufiki. Sura nzima tatu za Maganga na Mwana Hija wamezimaliza mlango ukiwa katikati yao na Maganga hajui hata uso wa binti ukoje. Kizuizi kikikupa shida kitumie, usikivunje.

Kalenda nayo inakusaidia. Kaskazi inaleta majahazi kutoka Uarabuni na India kuanzia kama Desemba, kusi inayarudisha. Misafara nayo ina nyakati zake. Kutoka Ujiji mpaka hapa ni kama kilomita 1,200, kwaiyo mtu akisema "nitarudi" anazungumzia miezi, na hakuna simu ya kuuliza umefika wapi.

Hatua ya 5: Waweke mbele ya kitu kimoja, kila mmoja akione chake

Usieleze kwamba hawafanani. Chukua kitu kimoja, kiweke katikati, waongee.

Jina lenyewe la mji lingefaa, maana wengine wanasema mpagazi akifika hapa alibwaga moyo kwa furaha, mzigo umeisha, na wengine wanasema ni mtumwa aliyeuacha moyo wake hapa kabla ya kuvushwa bahari. Jina moja, watu wawili. Ila nakuomba usianze stori yako nalo, kila stori ya Bagamoyo inaanza nalo na yangu ya kwanza pia.

Mi nimetumia karatasi ya ujira. Maganga anadai doti sita (vipande vya nguo) za merikani, kitambaa cha pamba cha kulipana ujira, karatasi inasema nne:

"Karatasi inasema nne," sauti ikatoka ndani.

"Mdomo wa mwenye msafara ulisema sita, bibi."

"Mdomo hauna muhuri."

"Na karatasi haina miguu. Ingekuwa nayo ingekwambia ilikuwa wapi siku tunavuka mto Makata maji yananifika kifuani na pembe iko kichwani."

Kimya. Jumbe akakohoa. Ndani, mtu akafunua ukurasa, akaurudisha, akaufunua tena.

Hakuna aliyesema "nakuchukia". Hakuna aliyesema macho yake ni mazuri, hata hawajaonana. Ila ule ukurasa uliofunuliwa mara mbili ndio mapenzi yameanzia pale, kwa sababu mtu anayeamini karatasi kwa mara ya kwanza ameishuku.

Kitu cha kuangalia hapa: Maganga anaongea Kiswahili kizuri. Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara, watu wa bara walikisema njia nzima. Ukimfanya mtu wa bara aongee Kiswahili cha kuchekesha ili binti wa pwani aonekane bora, umerudia dharau ile ile ambayo stori yako inajifanya inaipinga.

Hatua ya 6: Pima joto kwa namna wanavyoitana

Hii ni rahisi na watu hawaitumii. Andika pembeni ya daftari lako ngazi za majina. Maganga anamwita: "bibi", alafu "Mwana Hija", alafu "Hija" bila Mwana, hiyo iwe mara moja tu karibu na mwisho na iwe kama kioo kimevunjika. Binti anamwita: "mpagazi", "mgeni", "Maganga", "mwenzangu".

Sheria moja, usiruke ngazi. Nikisoma sura ya pili mtu anamwita binti wa jumbe "mpenzi" natupa simu kitandani. Wakigombana washuke ngazi moja, msomaji ataumia kuliko ungeandika machozi kurasa mbili. Akimwita tena "bibi" baada ya kuwa ameshamwita kwa jina, hapo umemchoma.

Hatua ya 7: Hamu iwepo, ila kwa vitu vya wakati ule

Kuna wanaodhani stori ya kipwani lazima iwe kavu kama hotuba, na kuna wanaodhani mahaba ni kuvua nguo. Mabibi zetu walikuwa wajuzi wa haya mambo kuliko sisi. Kikuba cha asumini na rehani, udi wa kufukiza nguo, liwa, hina, wanja. Maganga haoni uso, ila ananusa udi unapofunguliwa mlango, na njiani kurudi bara, siku ya arobaini, atausikia kwenye nguo aliyolipwa maana ile doti ilikaa usiku mmoja kwenye chumba kile. Sini (tukio) nzima hiyo hakuna aliyemgusa mtu.

Ukifika pa kugusana, kiganja kinatosha sana baada ya kurasa mia za mlango.

Hatua ya 8: Kila mmoja aazime kitu cha mwenzake

Bila hii, watu wasiofanana wanabaki wanatazamana tu mpaka kitabu kinaisha. Lazima kila mmoja achukue kitu toka kwa mwenzake, na kimgharimu.

Maganga anajifunza kusoma. Sio mashairi! Kila mtu anaandika mpenzi anajifunza kuandika jina la mwenzake, tumechoka. Maganga anajifunza tarakimu, aweze kuona sita na nne kwa macho yake, na siku anayoiona sita kwenye karatasi ya mtu mwingine anagundua mwenye msafara amewaibia wenzake wote, sasa anajua na kujua kuna hatari.

Mwana Hija anajifunza kungoja bila karatasi. Maganga anaondoka, anamwambia kupitia mlangoni, "kabla kaskazi haijaisha." Hakuna shahidi wala muhuri. Na yeye ambaye maisha yake yote hakuamini mdomo anakataa posa mbili kwa sababu ya maneno matatu. Nilipoandika hapo ndipo nikaona stori imesimama.

Hatua ya 9: Mwisho ulipwe

Mahaba yanataka mwisho mwema, sikatai, ila mwisho mwema hauna maana ya mwisho wa bure. Tunaharibu sana kwenye kusilimu. Ukurasa wa mwisho kijana anasilimu kama mtu anabadilisha shati, ndoa, vigelegele, mwisho. Kwanza, ni imani ya watu, iheshimu, mpe muda, mpe mwalimu, mpe shaka. Pili, hata akisilimu, kufu bado ipo, watu watakuwa wanamwita mgeni mpaka anazeeka. Walii atakataa. Nani atamshawishi? Kwangu baba ndiye anayeamua, na anaamua kwa sababu Maganga amejua siri ya macho yake muda mrefu na hajaiuza kwa mtu. Alafu posa inapelekwa na mshenga kama inavyotakiwa, kwaiyo andika sini ya mshenga, zina raha yake, watu wazima wanaongea kwa mafumbo hakuna anayetaja jambo lenyewe.

Na kilichopotea kibaki kimepotea. Maganga hakumzika mama yake. Usimrudishie.

Makosa yanayojirudia (yangu yamo)

*Maneno yasiyokuwepo.* Stori yangu ya kwanza ilikuwa ya 1879 na kijana anamwambia binti "sina hela". Nikaisoma barazani kwa mzee mmoja, akanisimamisha kwa fimbo. "Hela zimetoka wapi mwaka huo?" Hela ni heller ya Mjerumani, ilianza kutumika hapa 1904, kabla ya hapo unasema rupia, pesa, riale, au unalipana kwa nguo. Na "shule" ni neno la Kijerumani pia, watoto wa 1879 walikwenda chuoni kusoma Kurani. Ndio maana nikasema uwe na kamusi.

*Kanga za misemo.* Binti wa 1870 kumtumia mpenzi kanga yenye maneno ni tamu sana na haiwezekani, maandishi kwenye kanga yamekuja mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati wako una kaniki, una merikani, una kisutu. Buibui nayo usiivalishe watu wa miaka hiyo, imeenea baadaye.

*Binti mwenye hotuba.* "Mimi ni mwanamke na nina haki ya kuchagua!" anasema binti wa 1884 mbele ya wazee. Ukaidi ulikuwepo, ila ulikuwa na njia zake, kuugua ghafla siku ya posa, kupandisha pepo, kumtuma kungwi, kukataa kula. Zitumie hizo, zina akili kuliko hotuba.

*Mwarabu katili, Mjerumani baridi, Mhindi bahili.* Kama mhusika wako unaweza kumwelezea kwa kabila lake tu bado hujamuumba. Sewa Haji, tajiri wa Kihindi aliyekuwa anafadhili misafara hapa hapa, ndiye huyo huyo aliyejenga shule Bagamoyo na kutoa fedha za hospitali Dar es Salaam. Mtu mmoja ana pande nyingi hivyo, iweje wa kwako awe na moja?

*Somo la historia.* Umesoma sana, hongera, ila msomaji hataki kurasa tatu za mkataba wa 1873. Weka kwenye mdomo wa mtu anayeathirika nao. Nahodha analalamika jahazi lake limepekuliwa, basi.

Ikigoma

*Wanagombana vizuri ila hakuna mapenzi.* Wanashindana tu. Mpe mmoja nafasi ya kumwangusha mwenzake kabisa, na asiitumie. Mwana Hija angeweza kumfukuza Maganga kwa neno moja, badala yake akafunua ukurasa.

*Mapenzi yapo ila mtu wa nje ndio anafanya fujo yote, mjomba mbaya, mchumba mwenye wivu.* Mtoe huyo mjomba sura moja uone. Kama ugomvi umekufa, tofauti yako haina bei, rudi hatua ya 2, samahani ila hakuna njia ya mkato.

*Mmoja anapendeza mwingine anachosha.* Anayechosha ndio umempa haki zote. Mpe kosa la kweli, la kuumiza mtu.

*Nimeishiwa, sijui mji ulikuwaje.* Funga simu utembee. Misheni kuna makumbusho, Caravan Serai (kambi ya zamani ya misafara) ipo, Kaole ni kama kilomita tano tu kusini, msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye minara. Watakuonyesha na kaburi linalosimuliwa kuwa la wapendanao waliozama pamoja. Lisikilize kwa adabu ila usilichukue kuwa mwisho wa stori yako, kufa pamoja ni kukwepa kulipa. Alafu kaa pwani saa ya maji kujaa uangalie wapakuzi wanavyotembea majini na mzigo begani, uandike miguu yao tu, ukurasa mmoja.

*Mtu mzima wangu amesinzia nikisoma.* Angalia alisinzia ukurasa gani, futa huo na wa kabla yake, alafu kesho mpelekee kahawa usome tena kuanzia pale.

*Familia itajua nimeandika juu ya bibi.* Badilisha mwaka, badilisha mtaa, na usibadilishe alichokisema. Bibi yangu aliyasoma ya Mwana Hija, akanyamaza muda, akaniuliza kwani nani kanisimulia habari za ule mlango.